Alijua Tutacheka Mpaka Wapi

Mchekeshaji wa jukwaani ana msaada mmoja ambao mwenzake wa filamu hana: anawasikia watazamaji. Akitupa neno na watu wakaangua kicheko, anangoja kipungue ndipo atupe jingine. Akiwahi, neno la pili linamezwa na kelele. Akichelewa, ukumbi umeshapoa. Mbele ya kamera hakuna ukumbi. Kuna mpiga picha, kuna kijana aliyeshika maiki juu ya vichwa vya watu, kuna mwongozaji anayeomba kila mtu anyamaze. Mchekeshaji inabidi akadirie kicheko cha watu ambao hawapo, watakaoiona kazi yake miezi baadaye, mahali asipopajua.

Amri Athumani, ambaye nchi nzima ilimwita Mzee Majuto au King Majuto, alikuwa na kipimo hicho mwilini. Nimemtazama kwa miaka mingi, sehemu kubwa nikiwa Majengo, Sumbawanga, na jambo nisiloacha kulistaajabia ni hilo: alivyojua tutacheka mpaka wapi.

Alizaliwa Tanga mwaka 1948, akaanza kuigiza mwaka 1958, angali mtoto. Mtu akiitaja miaka hiyo haraka haraka anaweza asione kilichomo ndani yake. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, vituo kama ITV vilipoanza kurusha matangazo. Maana yake ni kwamba kabla nyuso za waigizaji wetu hazijaanza kuingia majumbani, Majuto alikuwa na miaka 36 ya kazi nyuma yake. Miaka yote hiyo alijifunza kazi mbele ya watu walio hai: waliokaa chini, waliosimama nyuma, walevi, watoto waliolia, wazee waliokuja na nia ya kutocheka. Jukwaa la namna hiyo halina huruma. Ukiwachosha wanaondoka, nawe unawaona kwa macho yako wakiondoka.

Vichekesho vyenyewe vilikuwa na historia kabla yake. Watafiti wa sanaa za maonyesho wanaeleza kwamba vilizuka mijini enzi za mkoloni, na kwamba filamu za Charlie Chaplin zilizokuwa zikionyeshwa hapa nchini ziliacha alama: mwendo wa ajabu, nguo zisizolingana, mtu mdogo anayepambana na wakubwa. Watu wetu wakayachanganya hayo na utani wa makabila, hadithi za jioni na vituko vya mtaani. Hakukuwa na mchezo ulioandikwa. Waigizaji walikubaliana kisa kwa maneno machache: wewe ni mgeni, mimi ni mwenye nyumba, huyu ni mke wangu na anakujua. Kisha wakapanda jukwaani na kuyatunga maneno palepale. Miaka ya vikundi vikubwa, kama Muungano na baadaye TOT iliyoanzishwa mwaka 1992, kichekesho kilikaa katika onyesho moja na ngoma, sarakasi, taarabu na maigizo marefu, na mara nyingi ndicho watu walichokingojea.

Mtu aliyelelewa katika utaratibu huo haweki maneno kichwani. Anaweka mapigo. Anajua sini ina pumzi ngapi, wapi ivutwe na wapi ikatwe, hata kama maneno ya leo si ya jana. Hii ndiyo mali aliyokwenda nayo Majuto mbele ya kamera, na ndiyo iliyomfaa kwenye filamu zetu ambazo mara nyingi zilipigwa kwa siku chache, kwa skripti pungufu au bila skripti kabisa. Mahali ambapo vijana walipwaya kwa kukosa la kusema, yeye alikuwa nyumbani.

Majengo ni kata ya mjini Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa, ambako mwezi wa sita na wa saba watu hutembea na makoti mchana kweupe. Kwa muda mrefu tulikuwa mbali na kila kitu. Kabla ya lami, barabara ya kutoka Tunduma ilikuwa zaidi ya kilomita 200 za vumbi kiangazi na tope masika, na kanda za video zilifika kwa basi pamoja na magazeti yaliyopitwa na siku. Umeme wetu kwa miaka mingi uliletwa kutoka Zambia, na ulikuwa na mambo yake. Lakini mabanda ya video yalikuwepo, yale ambayo watu waliyaita vibanda umiza kwa sababu ya mabenchi yake: ubao mwembamba usio na egemeo, madirisha yamezibwa kwa magunia, televisheni moja juu ya meza ndefu, na nje ubao wa matangazo ulioandikwa kwa chaki. Mchana ngumi za Kichina, jioni Wahindi, usiku Wanaijeria. Kisha zikaanza kuja zetu.

Humo ndimo nilimoanza kuuona ufundi wa Majuto, na sikuuona kwa siku moja. Kanda mpya zilichelewa kufika, kwa hiyo ileile ilirudiwa na kurudiwa. Watazamaji walishajua kisa, walishajua maneno, wengine waliyatamka kabla ya mwigizaji. Ukishaizoea filamu kiasi hicho unaacha kufuata hadithi na unaanza kuona mikono ya fundi.

Nilichokigundua ni hiki. Filamu nyingi za vichekesho zilikuwa na tatizo moja ndani ya kibanda: mtu mmoja akisema la kuchekesha, benchi zima likilipuka, mwenzake kwenye filamu alishajibu na jibu limepotea. Watu wakaulizana gizani, "Amesemaje? Amesemaje?" Kwa Majuto swali hilo lilikuwa adimu. Akishasema, alifanya kitu kingine kidogo kisichohitaji kusikika. Alimkazia mtu macho. Aliweka kofia yake sawa. Aligeuka kana kwamba anaondoka, akarudi. Kicheko chetu kilipanda, kikafika juu, kikaanza kushuka, na kilipofika mahali ambapo sikio linaweza kupokea neno, neno likaja. Mtu aliyeigiza Dar es Salaam au Tanga, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka kwetu, alituachia nafasi ya kucheka ambayo ilitutosha sawasawa. Haikuzidi, maana ingezidi tungeona anatungoja, na mchekeshaji anayeonekana kungoja kicheko ameshakipoteza.

Ndani ya nafasi hizo alikuwa anafanya kazi. Mtazame anapopokea habari mbaya, tuseme binti amekuja na mchumba asiyetakiwa. Hajibu papo hapo. Anaendelea na alilokuwa akilifanya, kana kwamba maneno yale yamepita pembeni. Kisha mkono unasimama. Macho ndiyo yanayotangulia: yanamfuata msemaji huku uso ukiwa bado umeelekea kwingine. Kichwa kinayafuata macho. Bega linafuata kichwa. Sauti inakuja mwisho kabisa, na haiji kwa kishindo. Inaanza chini, karibu kwa upole, kwa swali dogo la kutaka kuhakikisha, kama mzee yeyote mwenye busara anavyouliza. Hapo ndipo mtazamaji anaposhika mbavu, kwa kuwa anajua kinachokuja na Majuto anamnyima. Hasira yenyewe inapofika, inafika yote kwa pamoja, mikono, shingo, Kiswahili cha Tanga kinachokimbia, na inakatika ghafla, kabla hujaichoka.

Mtu anaweza kusema ni kipaji. Kipaji alikuwa nacho, lakini macho kutangulia kichwa, kichwa kutangulia bega, hilo ni zoezi. Mwigizaji asiyejua anageuka mwili mzima kwa mpigo mmoja, na habari yote inatoka mara moja. Kinachobaki ni kelele. Majuto aliigawa habari ileile katika vipande, akatupa kimoja kimoja, na kila kipande kilikuwa na kicheko chake. Kutoka katika sini ambayo kwenye karatasi ingekuwa mistari miwili aliweza kutoa dakika nzima, na isionekane imevutwa.

Bibi yangu alizungumza Kifipa maisha yake yote, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kuuza maharage na ulezi. Misemo ya Tanga ilimpita. Jirani aliponunua televisheni, bibi alikwenda na kiti chake kumtazama "mzee yule", na alicheka palepale tulipocheka sisi tuliosoma. Nikamuuliza anachekea nini ikiwa maneno hayaelewi. Akaniambia, "Kakasirika kweli huyu." Sijasoma uchambuzi wa uigizaji wa Majuto uliolenga pazuri kuliko huo.

Kakasirika kweli. Majuto hakuigiza mtu wa kuchekesha. Aliigiza mtu aliyekuwa na hakika kwamba ana haki. Baba bahili kwa Majuto alikuwa na hoja zake za ubahili, na ukimsikiliza vizuri unaona anaamini kila neno. Mzee mwenye tamaa ya binti mdogo alikuwa amejieleza vyote moyoni mwake na kujikuta mtu mwema. Mgeni wa mjini kutoka kijijini hakuona kwamba yeye ndiye mshamba, aliona mji mzima umekosa adabu. Kwa hiyo hakutabasamu kwa pembeni kutuonyesha kwamba anajua ni mzaha. Buster Keaton, yule Mmarekani wa enzi za filamu bila sauti, alijulikana dunia nzima kwa uso usiocheka hata nyumba ikimwangukia. Majuto alikuwa na uso wenye mambo mengi kuliko ule, unaokunjamana na kukunjuka, lakini kanuni ilikuwa ileile: kicheko ni chetu, yeye ana matatizo.

Waangalie wanaofikiri kuchekesha ni vazi. Mto tumboni, unga usoni, miwani bila vioo, suruali iliyofungwa kifuani. Majuto naye alitokea mara nyingine na mavazi ya vituko, maana mtayarishaji akitaka anataka. Ila katika kazi zake bora alivaa kama mzee yeyote anayetoka msikitini au dukani: shati, suruali, kofia. Ungempita Majengo sokoni usigeuke. Mzee wa namna hiyo tunamjua, ndiye mwenye neno la mwisho kwenye kikao cha mahari, ndiye ambaye mshenga humwogopa. Majuto alimchukua mtu tunayemheshimu bila kumvua heshima yake, akamweka mahali ambapo heshima hiyo haimsaidii, akamwacha ahangaike. Wazee wa Ufipa, ambao hawana desturi ya kuchekwa na vijana, walimcheka pamoja nasi, na sikusikia hata mmoja akisema amedharauliwa.

Kuna ufundi wake mwingine unaohitaji mtazamaji mvumilivu, nao ni kusikiliza. Utauona vizuri zaidi katika kazi alizofanya na Hussein Mkieti, yule kijana wa Muheza aliyejulikana kama Sharo Milionea. Sharo alikuwa kelele tupu, kwa maana nzuri: mwendo wa kuruka ruka, nywele, maneno ya kileo, sauti iliyovutwa mwishoni. Mkongwe mwingine yeyote angeshindana naye, angepandisha sauti juu ya sauti. Majuto alifanya kinyume. Alipunguza. Alisimama akamtazama kijana yule kuanzia viatu hadi nywele, polepole, kama anayehesabu gharama, na kila alichokifanya Sharo kikawa kinachekesha maradufu kwa sababu kulikuwa na mtu anayekishangaa. Sifa za sini alizichukua Sharo, na Majuto aliziacha ziende. Mtu aliyekwishaitwa mfalme akakubali kuwa ukuta ambao mpira wa kijana unadundia. Sharo alifariki katika ajali ya gari mwezi Novemba 2012, akielekea kwao Muheza, na nikiziangalia kazi zao sasa naona mzee aliyekuwa akimfundisha kijana bila kusema kwamba anafundisha.

Hakuwa peke yake katika kazi hiyo. Said Ngamba, yaani Mzee Small, aliyefariki mwaka 2014, alikuwa wa kizazi cha jukwaa na wa kiwango cha juu. Bi Chau alijua kumjibu mwanamume neno moja likamtosha kwa siku tatu. Kingwendu na Bambo wana mashabiki wao, na mimi ni mmojawapo. Lakini nikiulizwa nani alikuwa na saa sahihi kuliko wote, jibu langu ni Majuto, na sioni wa kumkaribia.

Filamu zenyewe ni habari nyingine. Nyingi alizocheza zilikuwa duni. Sauti inakatika, taa zinabadilika katikati ya mazungumzo, kisa kinachotosha nusu saa kimevutwa kikawa sehemu ya kwanza na ya pili ili ziuzwe DVD mbili. Wanawake katika visa hivyo mara nyingi wamewekwa kwa ajili ya kukimbizwa tu, na jambo hilo lilimpunguza hata yeye, maana lilimrudisha kwenye mzee mmoja mwenye tamaa tena na tena wakati alikuwa na wazee wengi zaidi ndani yake. Soko lilimtaka Majuto wa jana, likamlipa amrudie. Kuna filamu ambazo yeye ndiye sababu pekee ya kuzitazama, na anaonekana ameichukua kazi nzima mgongoni mwake, anaingia mlangoni na kila mtu kwenye sini anaonekana kupumua. Ningependa sana kuona ambacho mwongozaji mwenye subira, skripti nzuri na mwezi mzima wa mazoezi vingempatia mtu yule. Hatukumpa nafasi hiyo.

Malipo nayo hayakulingana na jina. Uso wake ulikuwa kwenye kava za DVD na kwenye matangazo ya biashara, na bado alipougua ndipo watu wengi walipojua hali yake. Mwaka 2018 alipelekwa India kwa matibabu, akarejea, hali ikabadilika tena. Mwaka huohuo Waziri wa Habari wa wakati huo, Dk. Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kuipitia mikataba ya wasanii, na suala la Mzee Majuto ndilo lililoisukuma. Rais wa wakati huo, John Magufuli, alikwenda kumjulia hali alipolazwa. Majuto alifariki katika Hospitali ya Muhimbili usiku wa tarehe 8 Agosti 2018, akazikwa kwao Tanga. Alikuwa ameigiza kwa miaka 60.

Katika miaka hiyo 60, ile 36 ya kabla ya televisheni iko kwenye vichwa vya waliomwona, na hao wanazidi kupungua. Hatuna picha ya Majuto wa miaka ishirini na mitano jukwaani, hatuwezi kuona kipimo chake kilivyokuwa kikijengwa. Tulicho nacho ni cha uzeeni, na hicho nacho kinapotea. Kanda za VHS zinaota ukungu, hasa kwenye baridi na unyevu wa huku kwetu. DVD zilizochubuka nimeziona Majengo zimetundikwa kwenye bustani za mboga kufukuzia ndege. Mtandaoni kuna vipande vingi, lakini vingi vimekatwa: mtu amechukua kicheko akaondoa kimya kilichokitangulia, na kwa Majuto kukata kimya ni kuondoa kazi yenyewe.

Kwa hiyo nina ombi, na ninalitoa kwa mwenye banda la video aliyefunga biashara na kuacha masanduku stoo, kwa mwenye duka la kanda wa zamani, kwa kila nyumba yenye droo isiyofunguliwa. Msizitupe. Zifuteni vumbi, mziweke pakavu, mtafute kijana mwenye kompyuta azinakili nzima, tangu mwanzo hadi majina ya mwisho. TBC, Bodi ya Filamu na Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo wana uwezo wa kuzikusanya na kuziweka mahali pamoja, na wakiomba, naamini Watanzania watazileta. Na wewe kijana unayetaka kuigiza, ukipata moja iliyo kamili, itazame mara ya kwanza ucheke. Mara ya pili zima sauti, uyafuate macho yake.